Nyani Mwonjaji na Kamba wa Bi Shore

— Paukwa!
— Pakawa!
— Jiko limewaka?
— Limewaka!
— Chungu kimeinjikwa?
— Kimeinjikwa!
— Na mlafi yuko wapi?
— Yuko mlangoni, anasema hana njaa!

Basi akae huko huko mlangoni, sisi tuendelee.

Hapo kale, si kale sana, maana pilipili zilikuwa zimekwisha kuwa kali, palikuwa na mtaa mmoja wa wanyama kando ya maji ya chumvi, pale mikoko inapoishia na mihogo inapoanza. Mtaa ule ulikuwa na majirani wema. Alikuwapo Mzee Kobe, aliyekuwa akianza neno asubuhi na kulimaliza jioni. Alikuwapo Bi Kanga, aliyehesabu watoto wake kila siku na kila siku akakosea. Alikuwapo Paa, mwoga wa kila kitu, hata kivuli cha masikio yake mwenyewe.

Na alikuwapo Nyani.

Nyani alikuwa na mabega mapana, meno marefu, na mikono iliyofika kila mahali kabla ya yeye mwenyewe kufika. Shamba hakuwa nalo. Chungu hakuwa nacho. Kuni alizijua za kukalia tu. Lakini alikuwa na cheo, cheo alichojipa mwenyewe siku ambayo hapakuwa na mtu wa kumpinga. Alijiita Mwonjaji wa Mtaa.

"Mimi nawaonjea msije mkala sumu," alisema. "Nikifa mimi, ninyi mmepona. Ni kazi ya hatari hii! Na wala sidai shukrani."

Kwa hiyo kila jiko lilipotoa moshi, Nyani huyoo, anakuja kwa miguu minne, anaimba:

Naonja tu, naonja tu,
tumbo langu dogo tu!
Kidole kimoja, ulimi mmoja,
naonja tu, naonja tu!

Akaonja maharage ya Mzee Kobe. Kidole kikaingia, mkono ukaingia, kichwa kikaingia. Kilichobaki ni chungu. Akaonja mahindi ya Bi Kanga. Kidole kikaingia, mkono ukaingia, kichwa kikaingia. Kilichobaki ni chungu. Akaonja kisamvu cha Paa. Kidole kikaingia, mkono ukaingia... naam, mmekwisha kuujua wimbo.

Siku moja Paa alijaribu akili. Akasema, "Bwana Nyani, hiki ni chakula cha mgonjwa."

Nyani akakitazama chungu kwa huruma. "Mgonjwa gani?"

"Mama yangu."

"Maskini! Mgonjwa hafai kula vitu vizito." Akakila chote, ili mama yake Paa apate nafuu upesi.

Ninyi mnacheka. Mama yake Paa hakucheka.

Sasa, katika mtaa ule aliishi ndege mmoja mdogo, jina lake Bi Shore. Shore mnamjua. Ni yule ndege wa kahawia mwenye kishungi kichwani kama kofia iliyovaliwa kwa haraka, na chini ya mkia ana manjano kama mtu aliyekalia bizari. Mwili mdogo, maneno mengi. Kishungi cha Bi Shore kilipolala, mambo yalikuwa shwari. Kiliposimama, alikuwa na hasira au alikuwa na wazo, na mara nyingi alikuwa na vyote viwili.

Masika yakaja na upepo wake: vuuu! vuuu! Upepo ukakidaka kiota cha Bi Shore, ukakipeperusha kama jani, na makinda wake wakaanguka kwenye majani mabichi, kwi! kwi! kwi! Bi Shore akashuka, akatandaza mabawa yake juu yao. Lakini mabawa ya shore ni mabawa ya shore. Akimfunika huyu, yule analowa. Akimfunika yule, huyu analowa. Akaruka huku na huku akilia.

Hakulia sana. Paa, yule yule mwoga wa kila kitu, alikuja mbio katikati ya radi, akalala juu ya majani na kuwaweka makinda chini ya tumbo lake lenye joto. Radi ikipiga, anatetemeka mwili mzima, lakini hakuinuka. Mzee Kobe akabeba vijiti mgongoni, safari moja baada ya nyingine, pole pole, mpaka vikatosha. Bi Kanga akajinyonyoa manyoya yake laini ya kifuani, akatandika ndani. Mvua ikiwapiga wote, nyumba ikasimama.

Na Nyani? Nyani naye alikuja, msimseme vibaya. Alikaa juu ya gogo, kajifunika jani la mgomba, akasema, "Kushoto kidogo. Hapana, kulia. Aa, sasa mmeharibu."

Jua liliporudi, Bi Shore aliwatazama makinda wake wakavu, moyo ukamjaa. Jirani aliyekufunikia watoto kwa tumbo lake mvuani, utamwambia ahsante ya mdomo ukaondoka? Akawaita majirani. Akasema, "Kesho kutwa mchana njooni kwangu. Nawapikia. Nawapikia chakula ambacho hamjapata kukila."

Majirani wakatazamana.

"Ahsante, mwanangu," Bi Kanga akasema. "Tutakuja. Ila... utapika kwa moshi?"

"Bi Kanga, chakula kitapikwaje bila moshi?"

"Haya. Basi tutakuja tukuone wewe."

Mzee Kobe akakohoa. "Mimi... nitakula kwanza... kwangu. Ili Nyani... akionja... nisiumie... moyo."

Maneno yale yalimchoma Bi Shore kuliko upepo ulivyomchoma. Mgeni anashibia kwake kwanza ndipo aje karamuni! Aibu gani hiyo? Akarudi nyumbani, kishungi kimesimama wima kama mwiba.

Asubuhi yake akafika Shakwe. Shakwe alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, kwa hesabu za undugu za ndege, ambazo hakuna anayeziuliza. Shakwe ni msafiri. Leo yuko hapa, kesho hajulikani. Mara hii alitoka visiwa vya Karibea, ng'ambo ya bahari nyingine kabisa, na mdomoni alichukua kifurushi cha jani kavu.

"Dada," alisema hata kabla hajatua sawasawa, "huko nilikotoka watu wanawajua kamba! Si kuchemsha na chumvi kama sisi. Wanawaroweka! Wanawatia viungo, wanawaacha wajifikirie, halafu ndipo wanawapika. Nilikaa juu ya paa la jiko moja mpaka wakanifukuza kwa ufagio. Nusa hizi."

Bi Shore akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na punje za kahawia, mviringo. Akanusa. Zikanuka karafuu. Akanusa tena. Zikanuka mdalasini. Akanusa mara nyingine, mbona kungumanga!

"Punje moja, harufu zote hizo?"

"Punje moja. Na pilipili yao ni ndugu kabisa wa hii pilipili mbuzi iliyoota hapa mlangoni kwako. Ila sikiliza vizuri." Shakwe akashusha sauti. "Sisi ndege ukali wa pilipili hatuusikii. Tunakula kama tunda. Lakini wageni wako wana ndimi laini, wataungua. Kwa hiyo usiitwange. Itie nzima, na kikonyo chake, ielee juu ya tui. Itatoa harufu yake nzuri, ukali wake itabaki nao tumboni. Isipasuke tu! Ikipasuka, mimi sikuja hapa, na wewe hunijui."

Wakaenda wote wawili kwenye vidimbwi vya mikokoni maji yalipokupwa, wakavua kamba wanene, wakajaza kikapu. Kisha Shakwe akasema kwaheri, prrr! akaenda zake.

Siku ya karamu Bi Shore aliamka na kazi. Akamenya kamba magamba, akawaachia mikia kwa urembo. Akawapasua migongo, akawatoa ule uzi mweusi ambao mpishi mvivu huwaachia wageni. Akawaosha mpaka maji yakatoka meupe. Halafu akashika kinu. Mchi ulikuwa mkubwa kuliko yeye, basi akaupandia juu, akawa anaruka nao: twa! kitunguu saumu. Twa! tangawizi. Twa! majani ya kitunguu. Twa! zaatari, chumvi, na zile punje za Karibea.

Harufu ikapanda. Ikapita juu ya mihogo. Ikaingia kwenye pua ya Nyani akiwa amelala. Pua iliamka kwanza.

Naonja tu, naonja tu,
tumbo langu dogo tu!

Manyoya ya Bi Shore yakamsimama. Nyani alikuwa amekwisha kuegemea kiambaza, na kiambaza kililalamika: kwiii.

"Bi Shore, nasikia harufu ya sumu."

"Anza na hodi, Bwana Nyani."

"Hodi. Nasikia harufu ya sumu."

"Ni kitunguu saumu."

"Saumu, sumu, ni mtu na nduguye. Heri nionje." Kidole pwa! kwenye kinu. Akalamba. Uso ukamkunjika kama kitambaa kilichokamuliwa.

"Ni viungo vibichi hivyo," Bi Shore akasema. "Nilitaka kukuambia."

"Si sumu," akasema Nyani, machozi yakimlengalenga. "Lakini si chakula pia. Nitarudi."

Akaenda. Bi Shore akakamulia ndimu, akatia sukari guru kidogo, akawageuzageuza kamba ndani ya viungo mpaka kila mmoja akavaa kanzu. Akawafunika kwa jani la mgomba, akawaweka kivulini. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Angeweza kungoja Nyani alale usingizi wa mchana, lakini ndimu haingoji. Kamba wakikaa mno kwenye ndimu wanakuwa kama mpira, mgeni anatafuna hadi jioni. Ilikuwa lazima apike, na Nyani alikuwa macho.

Akiwa bado anawaza, mara:

Kidole kimoja, ulimi mmoja,
naonja tu, naonja tu!

Nyani akainua jani la mgomba. "Hawa ni wabichi."

"Ni wabichi."

"Ubichi tunaweza kuuzungumza." Akakaribisha pua. Lakini jicho lake likakimbilia pembeni, kwenye ungo. Juu ya ungo zilikaa pilipili mbuzi alizochuma Bi Shore asubuhi. Zilikuwa nyekundu, nene, zinang'aa, zimejikunjakunja kama vishavu vya mtoto anayecheka.

"Na hayo ni matunda gani?"

"Si matunda, Bwana Nyani. Ni pilipili."

"Ni matamu?"

"Ni makali. Usiyale. Yatakuunguza."

Na kwa sababu alikuwa ametwanga tangu alfajiri na njaa ilimshika, Bi Shore akachukua moja, akaidonoa: nyaf, nyaf, nyaf. Akaimaliza na mbegu zake. Akapangusa mdomo kwenye kijiti.

Nyani akamtazama. Akamtazama tena. Halafu akaanza kucheka: he! he! he! mpaka mabega yakamtikisika.

"Makali! Yataniunguza! Bi Shore, unadhani nimezaliwa jana? Mzee Kobe aliniambia maharage yake yamechacha. Yalikuwa matamu. Bi Kanga aliniambia mahindi yake yana wadudu. Yalikuwa matamu. Paa aliniambia chakula cha mgonjwa. Kilikuwa kitamu kuliko vyote! Mtu akiniambia kitu kibaya, mimi najua ndicho cha kula."

"Mimi nakuambia kweli. Sisi ndege hatusikii ukali wake. Wewe utausikia."

"Wewe ndege hata mkononi hunijai! Umekula hapa, sikuona chozi. Hiki ulichokula wewe ndicho kitanishinda mimi?" Akanyoosha mkono, halafu akausimamisha. "Hebu kwanza. Yanapikwa?"

"Moja linapikwa. Linaelea juu ya tui."

Nyani akameza mate: gulp. Akapiga hesabu. Bichi ni bichi, lakini lililonona kwa tui la nazi? Basi kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Nyani akakubali kungoja.

Alipoondoka, Bi Shore alikaa juu ya kinu. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa baya. Alitaka kuzipasua pilipili zote chunguni, Nyani aungue hadi kucha. Lakini Paa je? Na Mzee Kobe? Wageni wake nao wangekaa mbele ya chungu wasichoweza kula, na hiyo ingekuwa sawa na kuonjewa na Nyani. Akalitupa wazo lile.

Akakumbuka kile kicheko: he! he! he! Taratibu, kishungi chake kikaanza kusimama.

"Kumbe uongo wote tuliomdanganya ndio uliomnenepesha," akajisemea. "Basi mimi nitamwambia kweli. Nitamwambia yote, tena kwa sauti, tena mbele ya mashahidi."

Akawasha moto. Mafuta ya nazi yakapata moto, akawatia kamba: chwaaaa! Wakaacha rangi ya kijivu, wakajikunja, wakawa wekundu kama jua la magharibi. Akamimina tui zito. Likachemka pole pole, bwata, bwata. Akachagua pilipili mbuzi kubwa kuliko zote, akaiweka juu kwa uangalifu kama anayemlaza mtoto. Ikaelea katikati ya chungu, peke yake, inang'aa.

Harufu ile, jamani! Hata Mzee Kobe, aliyekwisha kula kwake, alikuja akitembea kwa kasi. Kwa kasi yake yeye, lakini kasi.

Wageni wakakaa mkekani. Wali wa nazi ukapakuliwa. Chungu kikawekwa katikati. Bi Kanga akanyoosha shingo, Paa akaramba midomo, na hapo hapo:

Naonja tu, naonja tu,
tumbo langu dogo tu!

Bi Kanga akafumba macho. Paa akajifanya jiwe. Mzee Kobe akarudisha kichwa ndani, na sauti ikatokea gambani: "Nili...sema... mimi."

Nyani akaketi katikati ya mkeka, magoti yake yakawasukuma wageni pembeni. Akakikumbatia chungu kwa mikono miwili.

"Karibu, Bwana Nyani," Bi Shore akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini moyo wake ulikuwa unaruka kama kamba kikapuni. "Nina neno, na hawa wote ni mashahidi. Hilo jekundu hapo juu ni pilipili mbuzi. Ni kali sana. Usilile."

"Mmesikia," Nyani akawaambia wageni. "Anasema nisilile."

"Usilile kweli!" Paa akalia. "Ndugu zangu waliwahi kuligusa, wakakosa usingizi!"

"Na wewe umefundishwa uongo huo."

"Ni... kali," Mzee Kobe akasema.

"Na wewe pia! Mtaa mzima mmekula njama! Haya, Bi Shore, niambie. Hilo jekundu nisipolila mimi, atalila nani?"

"Nitalila mimi," Bi Shore akasema. Na hiyo nayo ilikuwa kweli tupu.

"Aha!" Nyani akapiga paja. Mkono wake ukashuka chunguni. Vidole vinene vikaikaribia pilipili, vikataka kuikamata katikati, kuibonyeza, na Bi Shore akaona karamu yake yote ikiangamia mbele ya macho. Ingepasuka ndani ya tui, chungu chote kingekuwa moto.

"Usiipasue!" akapiga kelele. "Taratibu! Ishike kwa kikonyo!"

Nyani akasimamisha mkono. Uso wake ukajaa heshima. "Kumbe ni kitu cha kushikwa kwa adabu!" Akakibana kikonyo kwa vidole viwili, akaiinua pole pole, tui likidondoka: to, to, to. Akaiangalia juani. Akawaangalia wageni mmoja mmoja ili kila mmoja aone alichokosa. Kisha akaitia nzima mdomoni, akatafuna. Kacha, kacha. Akameza.

"Tamu," akasema.

Bi Kanga akafumbua jicho moja.

"Tamu sa..." akasema.

Sikio lake moja likacheza. La pili likacheza. Jasho likamtoka puani. Macho yakafunguka, yakafunguka, mpaka yakakosa pa kwenda.

"Bwana Nyani," Bi Shore akasema kwa upole, "ni kali?"

Naye Nyani, Mwonjaji wa Mtaa, angesemaje mbele ya mashahidi? "Ha...paaa...na," akasema. Na moshi, wallahi, kama haukumtoka masikioni ulikuwa njiani.

Halafu akaruka! Hoo! hoo! hoo! Akaukamata mtungi wa maji, akaunywa wote, gulu gulu gulu, na maji yakautembeza moto mpaka kwenye pembe za mdomo ulizokuwa haujafika. Akasugua macho kwa vile vidole vilivyoshika pilipili. Hooo! Akakimbia hadi mikokoni, akatumbukiza ulimi kwenye maji ya chumvi. Hooooo! Akalala matopeni, akainuka, akalala tena. Moto ukashuka kooni. Ukashuka kifuani. Ukashuka tumboni. Ukashuka, ukashuka, mpaka ukatokea upande wa pili, na mkitaka kujua kwa nini nyani ana wekundu pale anapokalia, sasa mmejua, msiniulize tena mbele ya wageni.

Huku nyuma, karamu ililiwa. Paa alikula kamba akafumba macho. Bi Kanga alihesabu mikia kwenye sahani yake, akakosea, akaongeza mingine. Mzee Kobe akala, akala, na alipoulizwa kama hakula kwake kwanza, akajibu, "Ile... ilikuwa... jana." Haikuwa jana, lakini nani atabishana na mzee aliyejaa wali mdomoni? Makinda nao wakalishwa, mmoja akamlalia Paa shingoni. Bi Shore aliwatazama, na kwa mara ya kwanza tangu masika, kishungi chake kikalala chenyewe.

Bado chini kule zilisikika sauti: hoo... hoo... Bi Shore akavumilia. Akavumilia tena kidogo. Kisha akamimina tui baridi kwenye kifuu, akaruka nacho mpaka matopeni.

"Shika, Bwana Nyani. Maji hayasaidii. Shika tui, liache litulie ulimini."

Nyani akalitia mdomoni, akatulia, akapumua. Ulimi wake ulikuwa umening'inia kama kanga iliyoanikwa.

"Bi Shore," akasema kwa sauti ndogo, "kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Ungeniambia kwa nguvu zaidi."

"Nilikuambia mbele ya mashahidi."

Nyani akafikiri sana. "Ndiyo," akasema mwisho. "Lakini uliniambia kweli. Mimi nitajuaje?"

Tangu siku ile mambo yakageuka mtaani. Bi Kanga akipika mahindi, anamwona Nyani anapita mbali, anamwita: "Bwana Nyani! Karibu uonje! Hayana pilipili hata chembe!" Na ni kweli, hayana. Nyani anasimama, anamtazama, anatikisa kichwa. "Hayana pilipili, eh? Mnadhani nimezaliwa jana?" Anaondoka haraka. Mzee Kobe akipika maharage, anaanza kumkaribisha, "Ka...ri...", na kabla hajafika "bu", Nyani yuko mtaa wa tatu. Paa sasa anamwalika kila siku, kwa sauti kubwa. Hofu zake nyingine zote bado anazo, ila hiyo imemtoka.

Nyani siku hizi anachimba mizizi yake mwenyewe. Anaipangusa, anainusa, anaigeuza huku na huku, ndipo anakula. Na mpaka leo, mwoneni, hali kitu bila kukigeuzageuza kwanza.

Haya, sasa funzo. Wewe uliyekaa pale pembeni unataka kusema ulafi ni mbaya. Keti. Ulafi ulimnenepesha Nyani miaka na miaka, hata pua haikuwahi kumuuma. Na wewe unataka kusema uongo ni mbaya. Keti nawe. Nani aliungua kwa uongo katika hadithi hii? Waliodanganya walipoteza maharage tu. Bi Shore alisema kweli tangu asubuhi hadi mchana, hakuchanganya hata chembe, na tazameni kweli ilivyomfanya mwenzake!

Kwa hiyo, wanangu, funzo ni hili: mkubwa akija jikoni kwenu, msimwambie kweli. Kweli inachoma. Mdanganyeni, ale, ashibe, alale kwa amani. Na kama mna roho mbaya kabisa, basi hapo ndipo mseme kweli.

Hadithi yangu imeiva, nimeiepua. Ikiwa tamu, mgawieni jirani. Ikiwa chapwa, tieni chumvi wenyewe.